Joto la Ghorofa ya Sita

Sura ya Saba

Baridi ya Mwese mwezi wa sita ukiwasimulia watu wa Mpanda mjini, wanakucheka. Hawacheki tena wakija wenyewe wakamwona jogoo anawika akiwa amelala juu ya majivu ya jikoni, hataki hata kusimama. Asubuhi hiyo ya Jumatano, mwaka wa tisini na mbili, Sajini Melkior Kasebele, askari kanzu aliyetumwa kutoka Mpanda, aliingia chumba cha mahojiano akiwa amevaa makoti mawili, moja lake na moja la mkuu wa kituo, na bado meno yake yalikuwa yanagongana.

Mbele yake alikaa kijana asiye na shati. Alikuwa amejifunika blanketi la mahabusu, la kijivu, lenye matundu ya kutosha kupitisha mbwa. Jina lake Méthode, miaka ishirini na mmoja, mkimbizi wa makazi ya Mishamo, kibali chake cha kutoka makazini kilikuwa kimekwisha muda tangu Pasaka. Alikuwa amekwisha kukiri mara mbili kwamba amemuua mwenzake, Arcade.

"Tuanze upya," alisema Melkior. "Arcade alifia wapi?"

"Nje, afande. Kwenye mawe ya mdomo wa mgodi."

"Lini?"

"Jumatatu alfajiri."

"Ilikuwaje?"

"Tuligombana. Nikamsukuma. Kichwa kikapiga jiwe."

"Alisema neno?"

"Hakusema. Alilitazama jua tu, akakata roho."

Kalamu ya Melkior ikasimama. Konstebo Queen, aliyekuwa ameegemea mlango, akainua macho.

"Jua," alisema Melkior.

"Ndiyo, afande. Alifia juani."

"Mzee Rafaeli, mlinzi wa mgodi, alikukuta unamburuta saa kumi na moja na nusu. Mwezi huu jua la Mwese linatoka saa moja, na likitoka linachungulia ukungu, linarudi kulala. Hilo la saa kumi na moja ni jua la nani?"

Méthode aliitazama mikono yake. Melkior naye akaitazama. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechunika ngozi, mstari mmoja katikati, kama mtu aliyeshindana na kamba kutwa nzima.

"Shati lako liko wapi?"

"Lilichanika, afande."

"Marehemu alilichana?"

"Lilichanika tu." Kisha akainama. "Afande, si nimekiri? Andika. Kesho gari si linakuja?"

Gari lilikuwa linakuja kweli. Landrova ya Sumbawanga ingefika saa mbili asubuhi kumchukua, na kesi ya mauaji haina dhamana. Melkior alikuwa amepeleka watu wengi Sumbawanga katika miaka kumi na saba ya kazi. Wengine walilia, wengine walitukana, na mmoja wa Kibaoni alijifanya amekufa mpaka alipoonja pilipili puani. Mtu aliyeliulizia gari kwa hamu alikuwa hajamwona.

Alitoka nje kuvuta sigara. Uani, penye ukuta unaopata jua likijaliwa, alikaa Mama Annonciata, mama yake Arcade, kwenye mkeka wake. Alikuwa anakuja tangu juzi, siku ya maziko, hali, hasemi. Maafisa walipomuuliza alitaka nini, alijibu swali kwa swali: "Mwanangu alifia wapi?" Alipojibiwa kwamba alifia nje, juani, alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kukaa.

"Afande," Queen alinong'ona, "unajua yule Méthode ni nani kwake?"

"Jirani."

"Jirani gani! Alimwokota njiani mwaka sabini na mbili, wakati wanakimbia Burundi. Mama wa mtoto amelala kando ya barabara, hainuki, mtoto analia. Annonciata alikuwa na Arcade mgongoni, akamweka huyu kifuani. Wote wawili wamenyonya ziwa hilohilo. Kwa hiyo kesho Landrova inamchukua na wa pili. Mama ataenda nyumbani mikono mitupu."

Melkior aliizima sigara kabla haijafika nusu, jambo ambalo kwa mshahara wake lilikuwa dhambi.

*

Zahanati ilikuwa hatua mia mbili kutoka kituoni. Bwana Amosi, mganga wake, alikuwa mtu wa uhakika. Aliwahi kumtibu ng'ombe malaria, na ng'ombe akapona, kwa hiyo hakuna aliyeweza tena kumwambia kitu.

"Nimeshaandika, Sajini," alisema. "Nilimpima Jumatatu saa moja na nusu. Chini ya nguo mwili ulikuwa bado na uvuguvugu. Viungo laini. Maiti ikikaa saa chache inakakamaa. Yule alikuwa hajaanza. Amekufa alfajiri ileile."

"Au alikuwa amemaliza."

"Amemaliza nini?"

"Kukakamaa. Maiti inakakamaa, baadaye inalegea tena. Si ndivyo?"

Bwana Amosi alicheka kwa huruma. "Kwa baridi hii? Kulegea kungechukua siku mbili, tatu. Na angekuwa wa baridi kama chura. Nakwambia alikuwa na joto, bwana! Niliweka mkono huu hapa kwapani."

"Jeraha la kichwa?"

"Refu kama kidole changu."

"Damu?"

Bwana Amosi alifungua daftari, akasoma, akalifunga. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Haikutoka, tuseme."

"Uvimbe?"

"Hapana."

"Bwana Amosi, ukimkata shingo kuku aliyekufa jana, damu inaruka?"

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Melkior alimwaga mezani vitu vilivyotoka kwenye nguo za vijana wale: kipande cha muhogo, viberiti viwili, rozari, na vichupa viwili vya dawa ya kikohozi. Ndani ya vichupa mlikuwa na mawese. Mama Annonciata anauza mawese gulioni, na kila mwezi wa sita huwajazia wanawe wapake midomo na mikono isipasuke.

Kichupa cha kwanza kilitoka kwenye koti la Méthode, lililokutwa kwenye kibanda chao juu ya mgodi. Mafuta yake yalikuwa yameganda, rangi moja ya chungwa toka juu hadi chini, kama sabuni. Cha pili kilitoka mfukoni mwa Arcade. Nacho kiliganda, lakini kwa namna nyingine. Sehemu moja ilikuwa nyekundu iliyokolea, karibu unaona upande wa pili. Sehemu nyingine ilikuwa nyeupe-njano, chengachenga kama uji uliokatika, nayo iliung'ang'ania ubavu mmoja wa chupa.

"Mafuta mabovu," alisema Bwana Amosi.

"Mafuta mamoja," alisema Melkior. "Mama mmoja, debe moja." Akavitia mfukoni. "Kucha za marehemu zilikuwaje?"

"Chafu. Tope."

"Nje pale ni mawe makavu. Tope la wapi?"

*

Mgodi wa Kasanzu ulichimbwa na Waingereza, wakaufunga mwaka wa hamsini na saba, wakaondoka na mashine, wakaacha shimo na Mzee Rafaeli. Shimo halikuhitaji mlinzi. Rafaeli ndiye aliyehitaji kulinda kitu. Alikuwa Mbende wa zamani, mfupi, mwenye maneno mengi kuliko kiwiliwili.

"Chini hakuna mtu anayefika, Sajini," alisema akiwa mlangoni pa kibanda chake. "Vijana wanakwangua ghorofa ya kwanza, ya pili basi. Ngazi zimeoza. Halafu kuna nyoka kule mwenye taa kichwani, mwaka wa hamsini na tatu alimeza—"

"Mzee, washa taa yako. Tunashuka."

"Tunashuka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Melkior alikuwa amebeba kipimajoto kirefu cha mbao, alichoazima kwa Dieudonne, mkulima wa tumbaku wa bondeni. Kilikuwa cha kwenye bani la kukaushia majani, na kwa kuwa msimu ulikwisha, bani lilikuwa limepumzika. Queen alipokiona alisema, "Afande, unakwenda kukamata mtu au kukausha tumbaku?" Lakini alifunga kamba kiunoni, akashuka nyuma yao, akilalamika kwamba hii si kazi ya polisi, ni kazi ya panya.

Zilikuwa ghorofa sita za kwenda chini, kila moja futi mia. Ngazi za chuma zilikuwa na kutu, lakini hazikuoza. Kila walipotua kwenye ghorofa palikuwa na namba mbili ukutani kwa rangi nyeupe, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa mia moja, na chini yake sitini na tisa.

"Hizi ni za nini?"

"Mimi ndiye niliyezipaka," alisema Rafaeli kwa fahari. "Ya juu ni futi. Ya chini ni joto, kwa Farenhaiti za Waingereza. Mzungu alikuwa anatoboa jiwe, anaingiza kijiti chake cha kioo, anasoma, mimi napaka."

Melkior aliingiza kipimajoto kwenye ufa wa jiwe, wakasubiri. Sitini na tisa. Miaka thelathini na mitano imepita, Waingereza wameondoka, nchi imepata bendera, na jiwe halijabadilisha neno lake.

Ghorofa ya pili, sabini na mbili. Ya tatu, sabini na tano. Queen akavua koti. Ya nne, sabini na tisa. Melkior akavua yake yote mawili, akayaning'iniza kwenye chuma. Kuanzia pale kuta zilitoa jasho, maji membamba, na Queen alipoyagusa alirudisha mkono.

"Ni ya vuguvugu!"

"Kama yale ya Maji Moto kule Mpimbwe," alisema Rafaeli. Jambo la ajabu, hakuongeza hadithi. Kadiri walivyoshuka ndivyo mzee yule alivyopungukiwa maneno.

Kwenye ngazi ya kushukia ghorofa ya tano Melkior alikuta kitambaa cha bluu kimefungwa kwenye chuma, fundo la kukazwa kwa meno. Akakifungua. Ulikuwa mkono wa shati. Hatua kumi chini, kipande kingine, chenye kifungo. Kwenye kila ngazi kulikuwa na kipande, na kando ya kila kipande kutu ilikuwa imesuguliwa na kitu kizito kilichovutwa juu.

"Queen, shati lilichanika?"

"Lilichanwa, afande. Likafanywa kamba."

Ghorofa ya tano, themanini na tatu. Hapo palikuwa na nyundo, na taa ya chemli, na alama za mtu aliyekaa muda mrefu akichungulia tundu la kushukia. Ya sita hewa ilikuwa nzito kama shuka iliyolowa. Mwali wa taa ya Rafaeli ukajikunja, ukawa mdogo kama punje ya mtama. Kipimajoto kilipanda polepole, kikasimama kwenye themanini na saba. Ukutani palikuwa pameandikwa vivyo hivyo.

"Dakika tano," alisema Melkior. "Asikae mtu."

Haikuhitaji hata tatu. Mwisho wa njia, tindo ilikuwa bado imesimama kwenye jiwe. Chini yake tope, na juu ya tope umbo la mtu aliyelala ubavu, bega, nyonga, goti. Kando yake koroboi. Melkior aliitikisa karibu na sikio. Mafuta ya taa yalikuwa zaidi ya nusu, utambi mzima.

"Haikuishiwa mafuta," alisema. "Iliishiwa hewa. Naye pamoja nayo."

Akainama, akaweka kiganja palepale kwenye umbo, kama Bwana Amosi alivyoweka kwapani. Jiwe lilikuwa na joto la mtu. Maiti iliyolala pale isingepoa zaidi ya jiwe lenyewe, hata ikilala kutwa, na ingekakamaa upesi na kulegea upesi. Ukiitoa nje alfajiri ungeapa mtu amekufa sasa hivi.

"Jumapili asubuhi," alisema Melkior. "Watu wako kanisani. Alishuka peke yake. Mwenzake akamfuata, akafika ya tano, akaita, hakuitikiwa. Kutwa alikaa pale akiihofia hewa, usiku kucha alikuwa anamvuta. Jeraha la kichwa alilipata kwenye ngazi, wakati damu imekwisha kulala. Mzee, umeniambia hakuna anayefika huku."

Walipanda mpaka ya nne, penye hewa, ndipo mzee akakaa chini bila kuambiwa, akaivua kofia yake.

"Ni mimi," alisema.

Queen aliweka mkono kwenye pingu. Melkior akamzuia kwa jicho.

"Jumamosi jioni tulikuwa na pombe ya mtama hapo kwangu," alisema Rafaeli. "Arcade aliniuliza, babu, kwa nini jiwe la chini ni la moto? Sajini, mimi sijui. Mzungu hakuniambia. Aliniambia paka, nikapaka. Lakini mimi, Rafaeli, mbele ya vijana, kibuyu kimejaa, niseme sijui?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema, nyie watu wa Burundi si mnavundika ndizi? Mnachimba shimo, mnalipasha moto, mnafukia, zinaiva kwa pombe. Nikasema Mungu naye kaivundika dhahabu. Juu bado mbichi, ndiyo maana hamwioni. Fuata joto. Penye joto zaidi ndipo ilipoiva." Alifuta uso kwa kofia. "Walicheka wote, Sajini. Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Yeye peke yake hakucheka. Nilimwona kwamba hakucheka. Ningeweza kusema natania. Sikusema. Ilikuwa hadithi nzuri."

Maji yalidondoka mahali fulani gizani.

"Na wewe, Sajini? Unajua ni kwa nini?"

"Mwalimu wetu wa darasa la sita alisema dunia ni kiazi kilichotoka kwenye majivu," alisema Melkior. "Ganda limepoa, unalishika. Ukiuma katikati kinakuunguza ulimi. Kadiri unavyochimba ndivyo unavyoliacha ganda."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kinachoiva."

Rafaeli alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Maneno machache hivyo," alisema. "Hata mimi ningeweza kuyasema."

*

Saa tisa alasiri Melkior aliweka vipande vya shati la bluu juu ya meza ya mahojiano, kimoja kimoja, mpaka vikatimia tisa. Méthode alivitazama kama mtu anayehesabiwa mifupa.

"Ghorofa sita," alisema Melkior. "Peke yako."

"Afande, usiandike hivyo."

"Hukuua mtu."

"Nimeua! Nimekiri, nimeweka dole gumba! Andika niliua." Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti na blanketi lake. "Baba yake Arcade walimtupa shimoni kule kwetu. Shimo moja, watu hawana idadi. Mama alikuwa amejificha kwenye migomba, aliona. Tulipokua alituapisha sote wawili, mkono kwenye rozari. Tuvunje mawe juu, tusiingie ardhini hata hatua moja. Alisema shimo limeshakula mmoja, likila wa pili, yeye atalitafuta mwenyewe aingie. Afande, humjui mama. Akisema anasema."

"Kwa hiyo unataka unyongwe."

"Nataka ajue mwanawe alifia juani. Ndugu kumsukuma ndugu, hilo hutokea. Atanichukia, lakini atakuwa hai."

"Mzee Rafaeli alieleza kwamba Jumamosi usiku alikusikia unampigia Arcade kelele, 'Utaniua!'"

"Nilimwambia asishuke. Nilimwambia, Arcade, ukishuka mama atakufa, na mimi nitakufa. Akasema, kidogo tu, Méthode. Nione tu imeiva kiasi gani."

Hodi ikapigwa. Queen alifungua mlango nusu, akageuka na uso wa mtu aliyeshindwa kuzuia mvua. "Afande, mama anataka vitu vya marehemu. Anasema leo ni siku ya kuviosha."

Kisheria vile vilikuwa vielelezo. Melkior angeweza kusema rudi kesho, na kesho saa mbili Landrova ingelikuwa imeondoka, na kila mmoja angekuwa amepata alichokitaka, isipokuwa ukweli. Alimtazama Méthode, ambaye alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, bila sauti. Akatoka na vitu, akaufunga mlango nyuma yake.

Uani ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Mama Annonciata alipokea rozari, akaibusu. Akapokea vile vichupa viwili, kimoja kila mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyekundu kwa miaka ya mawese, rangi isiyotoka hata kwa majivu. Alimpa Melkior kimoja bila kukitazama mara ya pili.

"Hiki cha Méthode." Kile kingine alikiinua kwenye mwanga.

"Mama," alisema Melkior.

"Nilivijaza Ijumaa. Debe moja." Alikigeuza taratibu. "Haya yamelala mahali pa joto, baba. Si moto wa jikoni. Wa jikoni unayayeyusha upesi, yakipoa yanaganda pamoja. Haya yamekaa kwenye vuguvugu, mchana kutwa, mpaka mazito yakashuka na mepesi yakapanda."

Melkior alinyamaza. Katika miaka kumi na saba alikuwa amewafundisha vijana wengi wa polisi kwamba kunyamaza ni swali zuri kuliko yote. Leo kulikuwa kunyamaza tu.

"Mwese mwezi wa sita hakuna mahali pa joto namna hii," alisema mama.

"Hakuna, mama."

"Juu hakuna."

Alikilaza kichupa, akakiinua tena, akakilaza, mpaka ule mstari wa mafuta meupe ukalala sawasawa kama maji kwenye bakuli. Kichupa kilikuwa kimelala kabisa kiganjani.

"Alilala ubavu," alisema. "Ubavu wa kulia. Tangu mtoto alikuwa analala hivyo, mkono chini ya shavu. Nilikuwa namgeuza, anarudi."

"Ndiyo, mama. Nimepaona mahali."

"Kule chini joto kiasi gani?"

Kwenye daftari lake Melkior alikuwa ameandika themanini na saba. Alifikiri namba ile ingemfaa nini mwanamke yule, akaiacha ilipo.

"Kama chumba walicholala watu wengi," alisema. "Niliweka mkono. Jiwe lina joto kama mtu."

Mama Annonciata alikaa na neno hilo.

"Baba yake walimfukia kwenye udongo wa mvua," alisema. "Milimani kwetu. Baridi ya kule ni kali kuliko hii. Miaka ishirini, baba, kila nikijifunika nguo usiku nauwaza udongo ule." Alikifunga kichupa kwenye upindo wa kitenge, fundo mara mbili. "Huyu hakuona baridi?"

"Hakuona, mama. Hewa ndiyo iliyomwishia. Alilala."

"Nani alimtoa?"

Melkior alifungua mlango wa chumba cha mahojiano. Méthode alikuwa bado amepiga magoti, blanketi limeanguka, mifupa ya mgongo inahesabika. Hakuinua uso.

"Ghorofa ngapi?" aliuliza mama.

"Sita, mama," alisema Méthode sakafuni. "Nisamehe. Nilitaka akutwe juani. Jua lilichelewa."

Queen aligeukia ukuta. Mkuu wa kituo alichungulia kutoka ofisini kwake, akaona, akakumbuka kazi nyingine.

Mama Annonciata alifungua kitenge chake cha juu, akamfunika mabegani. "Inuka," alisema. "Nilikuwa na wawili. Ukienda na wewe, nitaulizwa na nani kama nimekula?"

Akamshika viganja, akavigeuza juu, akaiona ngozi iliyochunika. Akanyoosha mkono kwa Melkior bila kumtazama, na Melkior akaelewa, akampa kile kichupa kingine. Alichokoa mawese kwa ukucha. Yalikuwa magumu kama nta, hayapakiki. Akayaweka katikati ya viganja vyake mwenyewe, akavifumba, akakaa hivyo, kijana yule akiwa amenyoosha mikono mbele yake kama anayepokea komunyo.

Walisubiri wote, na sajini akiwamo, na karatasi ya Sumbawanga mkononi ambayo ilikuwa bado haijaandikwa upya. Mafuta ya Mwese mwezi wa sita hayana haraka.

Yalipoyeyuka, akampaka.